Kona ya Mlingoti

Marehemu mume wangu alikuwa mrefu na mvivu, na vyote viwili alikwenda navyo uwanjani. Wenzake wa timu ya mpira wa kikapu walimwita Mlingoti, kwa sababu alisimama kona ya kushoto, karibu na ukuta wa kiwanda cha rangi, akangoja mpira umfuate. Kukimbia hakutaka hata kusikia. Wenzake wanapanda na kushuka ndimi nje, yeye mikono kiunoni kama mtu anayengoja mvua ipite. Mpira ukimfika anaurusha mara moja, unaingia, anarudisha mikono kiunoni. Nyumbani nako vilevile: kona ya kochi ilikuwa yake, na chai ilimfuata hukohuko. Nilikuwa namwambia, wewe bwana, siku ya kiyama utakuta watu wamepanga foleni, utauliza kona iko wapi.

Uwanjani kwenyewe lakini nilifika mara za kuhesabu. Mimi ni mwoka mikate. Naamka watu wamelala fofofo, nakanda, nakata, naingiza trei kwenye tanuri, na Jumamosi jioni wao wakicheza mimi nilikuwa kitandani kama gogo. Zile saa zilikuwa zake, na sikuzionea wivu hata siku moja alipokuwa hai. Wivu ulinijia baada ya kumzika. Nikaona kwamba kuna Mlingoti mmoja ambaye wanaume wanne wanamjua vizuri, nami, mke wake wa ndoa, namjua kwa kusimuliwa tu.

Alikufa ghafla, kazini, kwa moyo. Zaidi ya hapo sisemi, maana nikianza sitamaliza.

Viatu vyake vya kuchezea vilibaki vimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Vikubwa, kila nikipita vinanigonga begani. Nikavumilia, nikavumilia, Jumamosi moja nikasema haya basi, nikavitia kwenye mfuko nikavipeleka uwanjani, huenda kuna mguu utakaovienea. Nikawakuta wako katikati ya mchezo. Nikakaa kwenye ngazi za zege pembeni nisubiri.

Kwanza sikuelewa. Wapinzani walikuwa watano, wao wanne. Kulikuwa na shemeji yangu, mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomea mageti. Kulikuwa na Kinyozi, ambaye mdomo wake na mkasi wake havijui kupumzika. Na wengine wawili, mwalimu wa hesabu na muuza magodoro. Nikadhani wa tano amechelewa. Kumbe tangu msiba hawakumweka mtu. Hawakukaa kikao wala nini. Walikuja tu Jumamosi ya kwanza wakiwa wanne, wakacheza wanne, wakafungwa, na wiki iliyofuata wakafanya hivyohivyo. Walikuwa wamefungwa Jumamosi zote, na kila timu mjini ilikuwa inaomba kucheza nao.

Basi nikiwa pale ngazini, Shemeji akaudaka mpira, akaukimbiza upande wa kulia, wapinzani wote wakamfuata. Akaurusha kwa juu ya bega bila kutazama. Mpira ukavuka uwanja mzima, ukaenda kona ya kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ukagonga ukuta wa kiwanda ukaingia mtaroni.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemgombeza. Muuza magodoro alikwenda kuutoa mtaroni, akaufuta kwa shati lake, mchezo ukaendelea. Baadaye kidogo Shemeji akarudia tena, vilevile, kona ileile.

Sijui niseme nini kuhusu nilichokisikia moyoni. Ilikuwa kama nimemwona. Mimi kwangu kila alfajiri nilikuwa bado nauacha mkate mmoja tanurini mpaka ganda liungue kidogo, kama alivyoupenda, naubeba nyumbani, na binti yangu anautazama halafu ananitazama mimi. Nilidhani ni mimi peke yangu mwenye mikono isiyopata habari kwamba mtu amekufa. Nikaondoka na vile viatu vyake bila kuaga, na Jumamosi iliyofuata nikarudi. Nikawa naacha usingizi wangu kwenda kuangalia pasi zikipotea.

Sasa, siku hiyo ninayotaka kuieleza, Kinyozi alikuja kukaa nami ngazini baada ya mchezo, akaanza kuzunguka mbuyu. Mara biashara ngumu, mara magoti siku hizi hayamtii. Mimi sipendi kuzungushwa, nikamwambia ateme alichonacho. Akatema. Mvua zikiisha kuna mechi ya kila mwaka na madereva wa malori, watu wazito, na wao wanne wamechoka kuaibishwa. Kuna fundi simu mmoja, kijana mrefu, anacheza vizuri. Wanataka kumweka kona ya kushoto. Ila wameona si adabu kumweka kabla ya kuniambia.

Kichwa kikaniwaka. Nikasimama, nikasema maneno ambayo mpaka leo sijui yalitoka wapi.

"Nafasi ile ina mwenyewe. Kama lazima asimame mtu, nitasimama mimi."

Kinyozi alicheka mpaka akashika ngazi. Mwalimu wa hesabu akatazama viatu vyangu vya wazi, akatazama umbo langu, akakohoa kwa heshima. Mimi si mtu mrefu, na mikate nimeoka, nimekula pia. Shemeji peke yake hakucheka. Aliuliza kama nasema kweli. Nikasema mimi na utani wapi na wapi. Akawaambia wenzake kwamba nipewe muda mpaka mvua zikatike. Nikiweza kudaka pasi na kurusha, nafasi yangu. Nisipoweza, fundi simu ataingia na mimi nisinune.

Nataka ieleweke. Sikuupenda mpira wa kikapu. Nilichotaka ni kusimama pale alipokuwa akisimama, mpira unijie kama ulivyokuwa ukimjia, ili angalau nionje zile Jumamosi zake. Tena nilitaka pale pasichukuliwe na mtu asiyemjua. Basi, ni hayo tu.

Binti yangu, ambaye anauza kwenye duka la dawa na anadhani anajua mwili wangu kuliko mimi, aliposikia alishika mdomo. Akaniambia mama, samaki mkunje angali mbichi, wewe umeshakauka. Nikamjibu kwamba samaki mkavu ndiye anayekaa muda mrefu. Kesho yake akaniletea bandeji ya goti bila maneno mengi. Ndivyo alivyo, mdomo wa baba na moyo wangu.

Kinyozi akawa mwalimu wangu, jioni akishafunga duka. Siku ya kwanza alinirushia mpira taratibu kama anayempa mtoto chungwa, nami nikaudaka kwa uso. Nyota niliziona kweupe. Akanieleza kwamba mpira haupokewi kwa viganja, unapokewa kwa ncha za vidole, mikono ikiwa mbele inaungoja, na ukifika unauvuta kidogo kuja kwako usikugonge. Nikarudia, nikarudia. Vidole vikavimba mpaka kazini nikawa nakanda kwa viwiko, na tajiri wangu akauliza kama nimeanza ndondi.

Kuudunda ndiko kulinitoa machozi. Nilikuwa nauchapa kwa kiganja kama nachapa nguo jiweni, unaruka unakwenda zake. Kinyozi akasema usiupige, usukume, na usiutazame. Mpira haukimbii peke yake, unakimbia ukiutazama. Nikaona ananichezea akili. Lakini ni kweli, siku niliyoacha kuutazama ulitulia mkononi. Akanifundisha pia kwamba ukishaudaka, mguu mmoja ubaki umegandishwa chini na mwingine ndio uzunguke, kwa sababu ukitembea nao bila kuudunda, refa anapuliza. Hilo nililipata upesi. Mwoka mikate mwenye trei ya moto mkononi hazungukizunguki ovyo, anageuka kwa mguu mmoja.

Kurusha sasa. Nilikuwa nasimama wima kama nimemeza ufagio na kusukuma kwa mikono mitupu, mpira haufiki hata kwenye wavu. Kinyozi akashika kiuno.

"Dada, mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mtaka cha juu vilevile."

Akaniinamisha magoti. Kiwiko kikae chini ya mpira, si ubavuni kama bawa la kuku. Nguvu itoke miguuni ipande, mkono uwe wa mwisho, na ukishaurusha mkono ubaki juu, usiushushe haraka kana kwamba umeiba. Tulianza hatua moja tu kutoka kwenye ubao. Hakuniruhusu kurudi nyuma mpaka nitie mfululizo. Nikinung'unika ananikumbusha kwamba haba na haba hujaza kibaba, nami namwambia kibaba chake akanyolee nywele. Polepole tukawa tunarudi nyuma, siku baada ya siku, mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta wa kiwanda.

Nikawa nakwenda hata siku ambazo yeye hayupo. Nasimama kona, narusha, naokota, narudi. Hapo ndipo nilipogundua jambo. Ukisimama kona ile na kuangalia kikapu, nyuma yake, katikati ya paa la shule na tangi la maji, linaonekana dirisha letu. Dirisha la chumbani, pazia la bluu. Nilisogea hatua moja kulia, likapotea. Kushoto, likapotea. Jumamosi zote zile mimi nilikuwa nimelala nyuma ya pazia lile. Sisemi alikuwa analiangalia. Huenda alikuwa anaangalia mpira kama watu wote. Lakini linaonekana. Nilikaa chini nikalia mpaka mlinzi wa kiwanda akaja kuuliza kama nimeumia, nikamwambia ndiyo, kifundo cha mguu.

Mvua zilipoanza kupungua, nilianza kufanya mazoezi na wote wanne. Pasi za Kinyozi nilidaka. Za mwalimu nilidaka. Muuza magodoro anarusha mpira kama anayetupa godoro lenyewe, nazo nilidaka. Za Shemeji, hata moja. Anakimbia kulia, anarusha kwa juu ya bega, mpira unapita juu ya kichwa changu, paa, ukutani. Kila mara. Wakasema nachelewa. Nikaanza kuwahi. Paa, ukutani. Wakasema niruke. Nikaruka, mimi na mwili huu, goti likafura na binti yangu akaongeza bandeji. Paa, ukutani. Fundi simu alikuwa amekuja kutazama siku hiyo, kijana mpole, na nilimwona akipima kwa macho ule urefu.

Nikakaa nikafikiri. Kinyozi ni mfupi kama mimi, pengine mimi namzidi kwa kilemba. Mbona pasi za Shemeji zinamfika kifuani? Akimrushia Kinyozi anarusha chini, akimrushia mwalimu anarusha usawa wa mwalimu. Ni kona ile tu ndiyo anayorusha juu. Anamrushia mtu anayenizidi kichwa kizima.

Nilimfuata karakana. Alikuwa anachomea geti, barakoa ya chuma usoni, cheche zinaruka. Nikasubiri mpaka akazima, akainua barakoa, akanisalimu shikamoo kama kawaida yake, maana mimi ni mke wa kaka. Niliitikia, halafu sikumpa nafasi ya kuniuliza habari za nyumbani.

"Shemeji, pale kona unamrushia nani?"

Akaangalia geti. Akasema mkono unakwenda wenyewe.

"Mrefu alikuwa yeye," nikamwambia. Nikaweka kiganja juu ya utosi wangu. "Mimi naishia hapa. Ishushe pasi."

Alifungua mdomo, akasema, "Nikiishusha, shemeji," na hakumalizia. Alirudisha barakoa usoni, na mashine ilikuwa imezimwa, hakuna anachochomea. Mimi nikaona ni dharau. Nikaona ananing'ong'a, anataka nishindwe ili kijana wake aingie, ila anaona haya kusema. Niliondoka nimefura, njia nzima nafyonya.

Siku ya mechi ilifika, na kwa kuwa ahadi ni deni, wakaniacha nisimame kona. Makubaliano yalikuwa kwamba filimbi ya mapumziko ikilia kama sijadaka pasi hata moja ya Shemeji, fundi simu avae jezi. Madereva waliponiona walitazamana. Mmoja akaniuliza kwa adabu zote kama nimepotea njia. Mwingine, ambaye tumbo lake lilifika uwanjani kabla yake, akasema mama, mikate inaungua huko. Watu ngazini wakavunjika mbavu. Binti yangu alikuwepo pia, nilimwona ameziba macho kwa pochi.

Walichokosea wale madereva ni kuniacha. Hakuna aliyenikaba. Walikuwa watano wakiwakaba wanne, mimi nikabaki kona peke yangu nikitazama dirisha langu. Shemeji alirusha mara ya kwanza, paa, ukutani. Mara ya pili, ukutani, mtaroni. Muuza magodoro akaenda kuutoa. Nilipiga moyo konde, lakini nilikuwa najua muda unakwisha. Refa alishaanza kuitazama saa yake, na fundi simu alikuwa amesimama anajinyoosha.

Nikamtazama Shemeji. Sikumpungia mkono, sikumwita. Alikuwa katikati ya uwanja ameushika mpira, jasho linamchuruzika, naye akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa kwenye mchezo, mpaka Kinyozi akampigia kelele. Uso wake haukuwa wa dharau. Ulikuwa uso niliouona siku ya mazishi, alipokabidhiwa koleo.

Akakimbia kulia. Wote wakamfuata. Akarusha kwa juu ya bega, bila kutazama, na mimi mikono yangu ilikuwa imeshaanza kupanda juu kwa mazoea ya kukosa. Mpira haukuja juu. Ulikuja kifuani. Vidole vikaupokea vyenyewe, vikauvuta, magoti yakainama, mguu umeganda, kiwiko chini, na nikaurusha kuelekea dirishani. Uligonga chuma, ukazunguka, ukasita, ukaingia.

Kelele zilizopigwa pale, utadhani tumechukua kombe. Na tulifungwa mechi ile, nisije nikaonekana muongo. Madereva walituacha mbali. Lakini pasi ile haikuwa ya mwisho. Kipindi cha pili kizima Shemeji alirusha kona na kila iliyokuja niliidaka, zingine nikatia, zingine nikakosa, na wale madereva wakalazimika kumleta yule mwenye tumbo anikabe. Filimbi ya mwisho ilipolia, Kinyozi alininyanyua, akaelemewa, akaniweka chini. Mwalimu wa hesabu alikuwa anafuta miwani. Walicheka wote wanne pamoja, kicheko kikubwa cha watu waliokuwa wamebana pumzi tangu msiba. Walikuwa watano tena, na mzigo uliowakaa kifuani ulikuwa umewatoka, hata macho yao yalikuwa mepesi.

Mimi nilibaki kona. Waliniita tukanywe soda, nikasema nakuja, sikwenda. Nilimtamani mume wangu wakati ule kuliko siku niliyomzika. Siku ile nilikuwa na watu wa kunishika, na nilikuwa sijui kwamba kuna mahali hapa ambapo bado anasubiriwa. Hapa alikuwa anarushiwa mpira kila Jumamosi kama mtu mzima aliye hai, na aliyekuja kusimama mbele yake akaudaka ni mimi. Nilikuwa nimeapa nafasi yake haitachukuliwa. Nimejifunza, nimevimba vidole, nimeinama magoti, nikaichukua.

Shemeji alikuja akasimama pembeni yangu, mpira kwapani. Hakuniuliza ninangoja nini.

"Hutamrushia tena," nikamwambia.

"Nilijua, shemeji," akasema. "Nilijua nilipoishusha."

Tulisimama pale mpaka wenzetu wakachoka kutuita. Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena, na iliyofuata hiyo, na mpaka sasa nakwenda. Pasi zote zinanifika kifuani, na hakuna hata moja inayokwenda ukutani.